Rizevu kwenye mnada wa mtandaoni: tuiweke wazi, tuifiche, au tuache kabisa?

Mjumbe_wa_Kamati (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna Toyota Vitz nne, zimetumika hapa hapa nchini, hali inalingana, zinatakiwa kuuzwa kwa mnada wa mtandaoni. Mnada ni wa siku saba, anayeshinda analipa asilimia 25 siku hiyo hiyo na inayobaki ndani ya siku 14. Kwenye vitabu kila moja bado inasomeka milioni 9. Gereji moja iko tayari kuzibeba zote kwa milioni 5 kila moja, taslimu, hata kesho. Ukiangalia gari za aina hiyo zilizouzwa karibuni, iliyoenda chini kabisa ni milioni 6 na iliyoenda juu kabisa ni 10.

Kamati imegawanyika. Upande mmoja unataka bei ya kuanzia iwe milioni 1, halafu rizevu (yaani bei ambayo chini yake hatuuzi) iwe milioni 9 na ifichwe, "watu wachangamke kwanza". Upande wa pili unasema anza na milioni 9 waziwazi, asiye na hela apite pembeni. Wachache wanasema piga mnada bila rizevu.

Rizevu inabadilisha nini hasa kwenye uwekaji dau? Ya siri na ya wazi, ipi inalipa? Na namba yenyewe inapatikanaje? Naomba hesabu, msiniambie "inategemea".

Fundi_Mahesabu

Mkuu, anza kwa kuifuta hiyo milioni 9. Thamani ya vitabuni ni habari ya mhasibu, mnunuzi haijui na haimhusu. Zipo namba mbili tu za kushika: utapata nini gari lisipouzwa (kwako ni milioni 5 ya gereji), na mwenye kulitaka kuliko wote anaweza kufika wapi (milioni 10).

Sasa kazi ya rizevu. Kwenye mnada wa kupandisha, mshindi halipi kikomo chake (yaani bei ya juu kabisa aliyo tayari kuifikia). Analipa kidogo juu ya pale mpinzani wa mwisho alipoishia. Mmoja akiwa tayari kwenda hadi 9.5 na wa pili hadi 6.8, gari linakwenda kwa 6.8 na chenji. Rizevu inasimama mahali pa yule wa pili. Ukiiweka 7.5, mwenye 9.5 atalipa 7.5, umeokota laki saba ambazo zisingepatikana. Upande wa pili wa shilingi: wakija wawili wenye vikomo vya 7.2 na 6.9, gari halitoki. Umeiacha 6.9 ya mkononi ukarudi kwa gereji kuchukua 5.

Kwa hiyo rizevu inakulipa katika hali moja tu, pale ambapo mnunuzi mmoja peke yake yuko juu yake. Wakiwa wawili au zaidi juu yake, wanasukumana wenyewe na rizevu haina kazi. Wasipokuwepo kabisa, inakula kwako.

Namba inayosawazisha hayo mawili iliwekwa kwenye fomula na Roger Myerson mwaka 1981, ndiye aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2007 pamoja na wenzake wawili. Kama vikomo vya wanunuzi vimesambaa sawasawa kati ya chini na juu, fomula inakuwa ya shule ya msingi: jumlisha utakachopata lisipouzwa na kikomo cha juu kabisa, gawa kwa mbili. Kwako ni 5 jumlisha 10, gawa kwa 2, unapata 7.5. Uangalie kwamba idadi ya wanunuzi haimo humo. Wengi hupandisha rizevu wakiona watazamaji wengi, na hapo wanakosea.

Nimepiga hesabu kwa gari moja, vikomo vikiwa kati ya milioni 6 na 10, gari lisilouzwa likienda gereji kwa 5. Haya ni matarajio ya wastani:

Wanunuzi wawili, bila rizevu: milioni 7.33.
Wawili, rizevu 7.5: milioni 7.47.
Wawili, rizevu 9: milioni 6.77.
Watatu, bila rizevu: milioni 8.00.

Soma mstari wa tatu mara mbili. Rizevu ya kamati yenu inawapotezea zaidi ya laki tano na nusu kwa gari ukilinganisha na kutokuwa na rizevu kabisa, kwa sababu zaidi ya nusu ya minada (asilimia 56) inaishia bila mshindi. Kisha soma wa nne. Rizevu iliyopigiwa hesabu barabara inaongeza kama laki moja na elfu arobaini. Kichwa kimoja zaidi mnadani kinaongeza zaidi ya laki sita na nusu. Hilo nalo lina wenyewe, wachumi Bulow na Klemperer walilithibitisha mwaka 1996: muuzaji mwenye mnunuzi mmoja wa ziada na bila rizevu anamzidi mwenye rizevu bora kabisa. Na wanunuzi wakifika watano, faida ya rizevu ya 7.5 inashuka hadi kama shilingi 3,700. Nauli ya bodaboda hiyo.

nyundo_ya_pili

Hesabu safi, ila Fundi umehesabu gari moja. Mkuu ana nne, na zinafanana. Hapo mambo yanageuka.

Kila mnunuzi anataka Vitz moja. Wakija watano, wanne wataondoka na gari na mmoja tu atakosa. Bei ya zote nne inaburutwa na huyo mmoja, kwa sababu hakuna sababu ya mtu kulipa zaidi ya pale yule dhaifu alipokata tamaa. Kwa vikomo vile vile vya 6 hadi 10, watano wakigombea nne wanafikisha kama milioni 6.67 kwa gari, jumla 26.7. Ili upate ile milioni 8 ya "wanunuzi watatu, gari moja", unahitaji watu tisa.

Kwenye hali hiyo rizevu inarudisha heshima yake. Watano, gari nne, rizevu 7.5: jumla inapanda hadi kama milioni 27.7 hata baada ya kuhesabu zile zitakazoishia gereji. Rizevu 9: jumla inaanguka hadi 25. Kwa hiyo 7.5 ya Fundi inabaki pale pale, ila faida yake sasa ni milioni nzima, siyo 3,700.

Na usifunge minada yote minne kwa wakati mmoja. Aliyeshindwa la kwanza ndiye mteja wako mzuri wa la pili, ameshajipima na ana hasira. Acha nusu saa au saa moja kati ya gari na gari. Anza na lile lenye picha nzuri na kadi iliyokamilika, bei yake ndiyo itakayokuwa kipimo cha mengine.

Sasa siri au wazi. Tazama mfumo unavyofanya kazi kwa ndani, maana wengi wanabishana bila kuujua. Mifumo mingi inaiga eBay, soko la mnada la mtandaoni la Marekani: mnunuzi anaandika kikomo chake, mfumo unamwekea dau kidogo kidogo mpaka hapo. Tuseme bidhaa ina bei ya kuanzia ya senti 99 za dola na rizevu ya siri ya dola 300. Mnunuzi B ana kikomo cha 180, A ana 250. Skrini itaonyesha 182.50, kwa sababu kati ya dola 100 na 249.99 hatua ya kupanda ni 2.50. Chini yake kuna maandishi kwamba rizevu haijafikiwa. A akipandisha kikomo chake hadi 320, bei hairuki kwa hatua ndogo. Inaruka moja kwa moja hadi 300, na maandishi yanabadilika. Kila aliye macho ameshajua rizevu ilikuwa 300. B akiweka 310, mfumo unamjibia A kwa 315, maana kuanzia 250 hatua ni dola 5.

Umeona tatizo? Ile kutoka 0.99 hadi 182.50 ilikuwa mchezo wa kuigiza. Hakuna aliyekuwa ananunua chochote. Mnunuzi mwenye akili akiona bei iko 182 na bado "haijafikiwa", ana njia tatu. Anaondoka, akiamini muuzaji ana ndoto. Au anapima kwa vidole, anaongeza kidogo kidogo hadi maandishi yabadilike kisha anaacha hapo hapo. Au ananyamaza hadi sekunde za mwisho, na huyo ndiye anayekuumiza zaidi: anaweka kikomo chake sekunde ya mwisho, anakuta hakijafika, na muda wa kuongeza haupo. Kumbe alikuwa tayari kuongeza.

Kuna jaribio zuri la watafiti Katkar na Reiley, lilichapishwa mwaka 2006. Waliuza kadi za Pokémon (kadi za mchezo ambazo watu hukusanya) kwenye eBay, jozi 50 za kadi zinazofanana. Kadi moja ya kila jozi ilikuwa na bei ndogo ya kuanzia na rizevu ya siri, nyingine bei ya kuanzia ilikuwa sawa na hiyo rizevu, wazi kabisa. Ya siri ilishindwa pande zote: ziliuzwa kadi chache zaidi, wanunuzi wa kweli walipungua, na bei iliyotarajiwa ilikuwa ndogo. Kadi ni bidhaa ya bei ndogo, hilo nalikubali. Kwenye vitu ghali wauzaji bado wanapenda siri, kwa sababu pale mnunuzi hana hakika na thamani na anajifunza kwa kutazama wenzake wanavyopanda. Vitz siyo kitu cha namna hiyo. Kila fundi wa Dar anajua bei yake.

Mjumbe_wa_Kamati

Asanteni sana, hesabu ndiyo hii niliyokuwa naitafuta. Hoja ya upande wa "milioni 1" ni kwamba bei ndogo inavuta macho. Hapo hawana ukweli kidogo?

nyundo_ya_pili

Wana ukweli, na ndiyo maana hoja hiyo haifi. Bei ndogo ya kuanzia inaleta madau ya mapema, na madau yanaleta watazamaji. Lakini inaleta watu wa namna gani? Wenye milioni 2 wanaoota. Hao hawasukumi bei ya milioni 7 hata kwa shilingi moja, bei itawaacha asubuhi ya siku ya kwanza. Wanaokufaa ni wenye kikomo cha 6 kwenda juu, na huyo haogopi kuona milioni 6 imeandikwa.

Kama mnalazimika kuficha rizevu kwa sababu ya kanuni zenu, walau ipunguzeni pengo. Bei ya kuanzia isiwe chini ya asilimia 70 hivi ya rizevu. Pengo la mara tisa, 1 dhidi ya 9, ndilo linalozaa yale maneno ya "mnada wa maigizo" kwenye magrupu ya WhatsApp. Mkishapewa jina hilo, mnada unaofuata hawaji.

Halafu jambo la kiufundi kwa anayewatengenezea mfumo, hili limeharibu minada mingi kimya kimya. "Siri" isiishie kwenye skrini. Seva ikituma namba ya rizevu kwenye kivinjari na kuificha kwa rangi au kwa msimbo, mtu yeyote anayejua kufungua chanzo cha ukurasa anaisoma. Seva itume jibu moja tu, imefikiwa au haijafikiwa. Madau mawili yakilingana, la kwanza kufika ndilo linaloongoza, na muda upimwe kwa saa ya seva, siyo ya simu ya mnunuzi. Dau likifutwa lazima kuwe na kizuizi, la sivyo mtu ataweka milioni 50, aone bei imerukia wapi, aifahamu rizevu, kisha afute.

Kuhusu wale wa sekunde ya mwisho, dawa ni muda kujiongeza. eBay inafunga saa yake ikifika, liwalo na liwe. Minada ya Amazon ilipokuwepo ilikuwa inajiongeza mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya, na uviziaji wa mwishoni ulikuwa mdogo sana kuliko eBay. Wachumi Roth na Ockenfels walilinganisha hizo mbili mwaka 2002. Kwa gari dakika 5 zinatosha.

Mdau_wa_Kilindini

Naongezea kutoka upande wa Mombasa, kwa sababu ukitaka kuona rizevu mbaya inafanya nini kwa miaka mitatu mfululizo, angalia chai.

Mnada wa chai wa Mombasa uko kwenye mfumo wa kielektroniki tangu 2020, corona ilipowatoa watu ukumbini. Kawaida kiwanda kinampa dalali wake bei ya chini kwa kila loti (fungu la chai linalouzwa pamoja), na dalali anaijua soko, anaishusha au kuipandisha kulingana na sampuli zilizoonjwa. Ni rizevu ya loti kwa loti. Julai 2021 ikawekwa bei moja ya chini kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo wa Kenya: dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na kwa chai nzuri ilifanya kazi.

Tatizo lilikuwa pale chai isipolingana. Chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, Murang'a, Kirinyaga, Nyeri, kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko ya magharibi, kule Kericho, Bomet na Nandi. Bei moja ya chini kwa zote mbili maana yake ya mashariki inapita bila kuigusa, na ya magharibi inagota. Ni kile kile alichosema Fundi: rizevu inahesabiwa kutokana na vikomo vya wanunuzi wa bidhaa hiyo, haihesabiwi kutokana na matamanio ya muuzaji. Vikomo vikitofautiana, rizevu nazo zitofautiane.

Na mnunuzi hakukosa pa kwenda. Mnada ule ule unauza chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na kwingine, ambayo bei hiyo haikuigusa. Anabonyeza loti inayofuata tu, basi. Iliyobaki inarudi ghalani, inalipiwa hifadhi, inazeeka (chai siyo divai), na wiki zijazo inaorodheshwa tena mbele ya wanunuzi wale wale waliokwisha kuikataa. Wanajua imekataliwa, wanajua ghala linajaa, kwa hiyo wanasubiri. Shehena ikarundikana hadi bei hiyo ikaondolewa mwaka 2024.

Hiyo ya "kurudi mnadani" muipime kwa Vitz zenu. Gari lililokosa mnunuzi kwa 9 likirudi wiki ijayo kwa 7.5, wote waliokuwepo watalisoma hivi: likirudi tena litakuwa 6. Rizevu inayojulikana kwamba itashuka inawafundisha watu kungoja.

KaratasiYaMnada

Mimi niseme kwa upande wa mnunuzi, hasa wanaonunua gari kwenye minada ya Japani kupitia mawakala, maana ndiko Watanzania na Wakenya wengi wanakokutana na rizevu bila kujua wamekutana nayo.

Kule gari lina bei ya kuanzia inayoonekana na rizevu ya muuzaji isiyoonekana. Linauzwa kwa sekunde chache, madau yanapanda kwa hatua ndogo za yeni. Bei ikivuka rizevu, alama kwenye skrini inabadilika kuonyesha kwamba sasa linauzwa kwa hakika. Wenyewe wanaita urikiri. Wazoefu wengi hawasogezi kidole mpaka waone alama hiyo, ndipo wanaanza kushindana kweli. Kwa hiyo bei ya kuanzia usiisome kama bei. Gari lenye bei ya kuanzia ya yeni 50,000 na daraja la 4 (alama ya ubora wa hali yake) kwenye karatasi ya mnada haliendi kwa 50,000.

Likiisha bila kufika, halijafa. Linaingia kwenye mapatano, shodan, ambapo mwenye dau la juu na muuzaji wanapelekeana bei kupitia ofisi ya mnada. Hapa ndipo wakala mzembe anapokutia hasara. Umempa kikomo, mnada umeishia chini ya rizevu wewe ukiwa juu, yeye anakubali bei ya muuzaji bila kukuuliza. Mwambie mapema, kwa maandishi: kikomo changu ni hiki hiki mnadani na kwenye mapatano, na kinahesabu ada zako ndani yake. Kikomo kipigie hesabu kwa kurudi nyuma, anza na bei utakayouzia au kulitumia hapa, toa ushuru, toa bandari, toa meli, toa ada. Kinachobaki ndicho dau. Rizevu ya muuzaji isikubadilishie hesabu hiyo hata kwa yeni elfu. Kama hazikutani, hazikutani.

Kwa mwenye uzi: hiyo hatua ya mapatano muwe nayo na ninyi. Gari likiishia 7.3 na rizevu ni 7.5, hakuna sababu ya kumpelekea gereji kwa 5. Andikeni kwenye masharti kwamba lisipofika, mwenye dau la juu atapigiwa ndani ya saa 24 na ana haki ya kukubali au kukataa. Wa pili apigiwe tu wa kwanza akikataa.

Fundi_Mahesabu

Nakubaliana na Karatasi, kwa tahadhari moja. Mkiandika kwamba mtapatana kila mara, wajanja watakaa chini ya rizevu makusudi na kusubiri simu. Andikeni "muuzaji anaweza", siyo "muuzaji atafanya". Na bei ya chini kabisa ya mapatano wekeni asilimia 95 ya rizevu, iamuliwe kabla ya mnada, ikae kwenye bahasha ya kamati. Mkiiamua baada ya kuona madau, mtavutana hadi jioni.

Wakili_Mtaani

Mawili tu ya kisheria, nipite.

Kwanza, chambo. Kumweka mtu wenu apandishe dau ili bei ifike rizevu, huku mnada haukutangazwa kwamba muuzaji ana haki ya kuweka dau, ni kosa. Sheria ya uuzaji wa bidhaa, Kenya na Tanzania kwa pamoja, imerithi kanuni hiyo kutoka sheria ya Uingereza ya 1893: mnunuzi anaweza kuuchukulia uuzaji huo kuwa wa ulaghai. Kama mnataka bei isishuke chini ya kiwango, tangazeni kwamba mnada una rizevu. Hiyo ndiyo njia halali ya kufanya kile ambacho chambo anafanya kwa wizi. Na tangazo likisema "bila rizevu", msijifiche nyuma ya "kamati haikuridhika na bei".

Pili, kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na mali ya rehani: hayo ya rizevu kwenu siyo hiari ya hesabu tu. Kwa ardhi iliyowekwa rehani Tanzania, kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayopatikana, na ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko kuna dhana kwamba amekiuka wajibu wake, yeye ndiye wa kujitetea. Kenya ina kifungu kama hicho, cha 97. Na kule kanuni za madalali zinataka rizevu itokane na tathmini ya mthamini isiyozidi miezi 12. Kwa Vitz za ofisi hayo hayawahusu, angalieni kanuni zenu za ununuzi na uondoaji wa mali.

Mjumbe_wa_Kamati

Nimepeleka yote kwenye kamati. Tumefikia hapa, nikosoeni: bei ya kuanzia milioni 7.5 wazi, hakuna rizevu ya siri, minada inapishana saa moja, muda unajiongeza dakika 5, amana ya laki tano ya kushiriki inayorudishwa kwa aliyeshindwa. Tangazo linatoka Ijumaa, mnada unaanza Jumatatu.

nyundo_ya_pili

Mbili za kurekebisha.

Mapatano mmeyaua bila kujua. Bei ya kuanzia ikiwa 7.5, mwenye 7.3 hawezi kuweka dau, kwa hiyo hamtamwona wala hamtakuwa na namba yake. Ama mkubali hivyo, ama muanze na milioni 6 na muandike wazi kwenye ukurasa wa kila gari: "rizevu ni milioni 7.5". Rizevu ya wazi juu ya bei ya kuanzia inaruhusiwa, watu wanasahau tu kwamba haina lazima ya kuwa siri. Mtavuta vichwa vya wenye 6 na 7, mtabaki na orodha ya kupigia, na hakuna atakayesema mmemchezea.

Ya pili, Ijumaa hadi Jumatatu ni mfupi mno. Mnunuzi wa milioni 7 anataka kuja na fundi wake, afungue boneti, awashe gari likiwa la baridi, asome namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi. Asipoona anapunguza laki tano au saba kwenye kikomo chake kwa woga, au haji kabisa. Toeni siku tano za kazi za ukaguzi kabla dau la kwanza halijafunguliwa, na picha ya chini ya gari na ya sehemu za kutu, siyo za rangi peke yake. Amana ya laki tano ni sawa, ila irudishwe ndani ya siku mbili. Na kwa kuwa minada inapishana saa moja tu, yule aliyekosa gari la kwanza hatakuwa na laki tano nyingine ya kuingilia la pili, isipokuwa mfumo umruhusu kuihamisha. Muulizeni fundi wenu wa mfumo leo kama unaruhusu.

Mjumbe_wa_Kamati

Nimemuuliza. Mfumo hauruhusu kuhamisha, amana imefungwa kwa gari moja moja. Anasema atabadilisha iwe ya mnunuzi badala ya gari, anahitaji siku tatu. Tunasogeza mnada wiki mbili mbele.